Aga Khan wa Tatu na Siri ya Bei ya Farasi

Tarehe 10 Agosti 1946, mjini Dar es Salaam, umati mkubwa wa watu ulikusanyika kushuhudia jambo lililokuwa halijapata kuonekana mjini humo. Mzee mmoja mnene wa mwili aliketi upande mmoja wa mizani, na upande wa pili yakapangwa masanduku ya almasi mpaka mizani ikalingana. Mzee huyo alikuwa Sir Sultan Mahomed Shah, Aga Khan wa Tatu, Imamu wa 48 wa Waislamu wa madhehebu ya Shia Ismailia, aliyekuwa akiadhimisha miaka 60 ya uongozi wake. Fedha zilizochangwa na wafuasi wake kwa ajili ya siku hiyo hazikuingia mfukoni mwake. Ziliwekwa katika mfuko wa kukopesha watu mitaji ya biashara na ya kujenga nyumba, na hadi leo ukumbi wa Diamond Jubilee uliopo Upanga unatukumbusha sherehe ile.

Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyomjua au tulivyosimuliwa habari zake na wazee wetu. Lakini katika Ulaya ya siku hizo, watu ambao hawakujua lolote kuhusu uimamu wake walilitaja jina lake kwa sababu nyingine kabisa. Walimjua kama mwenye farasi wa mashindano. Walijua kwamba alikuwa radhi kutoa bei ya majumba kadhaa kwa ajili ya mnyama mmoja wa umri wa mwaka mmoja, ambaye hajapata kutandikwa tandiko wala kukimbia hata hatua kumi mbele ya mashahidi.

Mtu asiyeijua kazi hiyo huuliza, na ana haki ya kuuliza: je, huo si ununuzi wa mbuzi aliye ndani ya gunia? Ni kitu gani kinachomfanya mtu mwenye elimu, mwenye washauri na mwenye hesabu zake, atoe mali nyingi namna ile kununua ahadi tu? Maisha ya Aga Khan wa Tatu yanatoa jibu la swali hilo. Jibu lenyewe lina faida hata kwa msomaji ambaye hatamiliki farasi maisha yake yote.

MTOTO ALIYERITHI MABANDA

Sultan Mahomed Shah alizaliwa mjini Karachi tarehe 2 Novemba 1877. Babu yake, Hasan Ali Shah, alikuwa mkuu wa nasaba bora aliyetoka Uajemi baada ya ugomvi na watawala wa huko, akahamia Bara Hindi na hatimaye akafanya makao yake mjini Bombay. Alikuwa mpanda farasi hodari, na mabanda yake yalijaa farasi wa thamani. Mwanawe, Aqa Ali Shah, alifuata nyayo zizo hizo. Mwezi Agosti 1885 Aqa Ali Shah alifariki dunia, na uimamu ukamwangukia mtoto ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka minane.

Mama yake, Lady Ali Shah, aliyekuwa mwanamke wa akili pevu, ndiye aliyeshika hatamu za mali wakati mtoto akikua. Mojawapo ya mambo aliyoyafanya ni kupunguza idadi ya farasi mabandani, kwani aliona kwamba mali ya yatima haipaswi kuliwa na wanyama wa fahari. Hata hivyo hakuwaondoa wote. Kijana alilelewa katika masomo ya dini, lugha na historia, huku masikio yake yakisikia kishindo cha kwato. Alipokuwa mtu mzima, farasi wake walishinda mbio Bombay na Poona, naye akapata sifa ya kuwa mjuzi wa farasi nchini India.

Mwaka 1898 alikwenda Ulaya kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata alikuja Afrika Mashariki kuwatembelea wafuasi wake. Tangu hapo maisha yake yalikuwa ya safari na shughuli kubwa za dunia. Alikuwa rais wa kwanza wa chama cha Muslim League cha India kilichoundwa mwaka 1906, na mwaka 1937 alichaguliwa kuwa rais wa Baraza la Umoja wa Mataifa wa kale, uliokuwa na makao yake Geneva. Hayo tumeyataja kwa ufupi ili msomaji aelewe kwamba hatuzungumzii tajiri mvivu asiyejua la kufanya na fedha zake.

SOMO LA IRELAND

Mwanzoni mwa karne ya 20, Aga Khan alifika katika shamba la Tully, katika wilaya ya Kildare nchini Ireland. Mwenye shamba hilo, Kanali William Hall Walker, alikuwa mtu wa mambo yake. Alifuata nyota katika kupanga farasi gani azae na gani, na katika kuamua mtoto yupi auzwe na yupi abaki. Wengi walimcheka, lakini hawakuweza kucheka ushindi wake, kwani farasi Minoru, aliyezaliwa Tully, alishinda mbio za Derby mwaka 1909 akikimbia kwa rangi za Mfalme Edward wa Saba.

Huko Tully mgeni kutoka India aliona jambo ambalo hakulisahau. Aliona kwamba ushindi wa uwanjani ni mavuno tu, na kwamba kilimo chenyewe hufanyika mbali na macho ya watu, katika malisho, miaka mingi kabla ya siku ya mbio. Mwenye kununua farasi aliyekwisha kushinda hununua mavuno ya mtu mwingine. Mwenye kununua jike jema hununua shamba.

Farasi wa mbio wa Kiingereza ni watu wa ukoo mmoja, tukiruhusiwa kusema hivyo. Katika mstari wa kiume wote wanatokana na madume matatu tu yaliyoletwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki kati ya miaka ya 1680 na 1730 hivi. Kitabu cha nasaba zao kilianza kuchapishwa mwaka 1791, na farasi asiyeandikwa humo hahesabiwi. Ndiyo sababu mnunuzi anapomtazama farasi wa mwaka mmoja anatazama vitu viwili kwa pamoja. Kwa jicho lake hutazama miguu, mabega, kifua, nyonga na mwendo wa mnyama. Kwa kumbukumbu yake huwatazama mama, bibi na mama wa bibi, na kujiuliza walizaa nini na watoto wao walifanya nini.

Isitoshe, muda wa farasi ni mfupi. Mashindano makuu ya Uingereza, hasa Derby iliyoanza mwaka 1780 katika uwanja wa Epsom, ni ya farasi wa miaka mitatu. Kila farasi hupata nafasi moja tu maishani mwake. Mtu akingoja mpaka ubora wa farasi uthibitike ndipo anunue, atakuta nafasi ile imekwisha kupita, au atakuta mwenye farasi hauzi tena kwa bei ya binadamu. Kwa hiyo matajiri hukimbilia kununua mapema, wakati ambapo hakuna ajuaye. Na mahali ambapo hakuna ajuaye, bei huamuliwa na matumaini. Dalali wa mnada hahitaji matajiri kumi ili kuipandisha bei hadi mawinguni. Wawili wanaomtaka mnyama mmoja wanamtosha.

MAJIKE MAWILI YA MWAKA 1922

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Aga Khan aliamua kuingia katika mashindano ya Ulaya kwa nguvu zote. Hakuanza kwa kubahatisha. Alimtafuta George Lambton, mmoja wa watu wenye jicho kali kuliko wote Uingereza katika kuchagua farasi wachanga, akamwomba amchagulie. Farasi waliobaki Uingereza walikabidhiwa kwa Dick Dawson wa Whatcombe, mwalimu wa farasi aliyekuwa na subira na ujuzi wa miaka mingi.

Mwezi Septemba 1922, katika mnada wa Doncaster, aliletwa jike mmoja mdogo wa rangi ya kijivu kutoka shamba la Sledmere. Baba yake alikuwa The Tetrarch, farasi wa madoadoa ambaye hakupata kushindwa na ambaye kasi yake ilikuwa hadithi. Lambton alimfuata jike huyo katika mnada mpaka alipompata kwa gini 9,100. Gini moja ilikuwa shilingi 21, kwa hiyo bei hiyo ni sawa na pauni 9,555 za wakati ule, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida wa Uingereza asingeweza kuzipata katika maisha yake yote. Aga Khan alimpa jina la Mumtaz Mahal, jina la malkia ambaye kwa ajili yake mfalme Shah Jahan alijenga Taj Mahal.

Mumtaz Mahal hakumwaibisha mnunuzi wake. Mwaka 1923 alishinda mbio tano kati ya sita, na kule Ascot aliwaacha wenzake nyuma kama waliosimama. Mwaka 1924, ilipokuja mbio ndefu zaidi ya maili moja ambayo ni ya heshima kubwa kwa majike, pumzi zilimpungukia, akawa wa pili. Lakini katika mbio fupi alibaki malkia. Zawadi alizoshinda zilirudisha bei yake na ziada.

Mwaka huohuo wa 1922, bila watu kugeuza shingo, Aga Khan alinunuliwa pia jike mwingine wa rika moja na Mumtaz Mahal, aitwaye Friar's Daughter. Bei yake ilikuwa gini 250 tu. Huyo hakutia fora uwanjani, wala magazeti hayakumwandikia sifa. Wote wawili waliachishwa mbio wakapelekwa mashambani kuzaa. Msomaji na awakumbuke wote wawili, yule wa gini 9,100 na yule wa gini 250, kwa kuwa hapo ndipo ilipo siri ya habari yetu.

MAVUNO

Ushindi ulianza kumiminika. Mwaka 1924 Diophon na Salmon-Trout walimpatia mashindano mawili makuu. Mwaka 1930 farasi Blenheim, aliyenunuliwa kwa gini 4,100, alimpatia Derby yake ya kwanza, ingawa watu wengi siku hiyo walimtegemea Rustom Pasha, farasi mwingine wa Aga Khan yuleyule. Mwaka 1932, katika mbio za St Leger, farasi wake walichukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya nne na ya tano. Tangu hapo mwalimu wa farasi wake alikuwa Frank Butters wa Newmarket, kwani alikwisha kutengana na Dawson.

Kisha ukaja mwaka 1935. Farasi aitwaye Bahram alishinda mashindano makuu matatu ya farasi wa miaka mitatu, yaani Two Thousand Guineas, Derby na St Leger, jambo ambalo Waingereza huliita Taji la Mara Tatu. Alikimbia mara tisa katika maisha yake na akashinda mara tisa. Ilipita miaka 35 kabla ya farasi mwingine, Nijinsky, kufanya hivyo mwaka 1970, na baada yake hakuna tena.

Na mama yake Bahram alikuwa nani? Alikuwa Friar's Daughter, yule wa gini 250. Baba yake alikuwa Blandford, ambaye alizaliwa palepale Tully baada ya Hall Walker kulitoa shamba lake kwa serikali ya Uingereza, na ambaye Dick Dawson na ndugu yake walimnunua mnadani kwa gini 730. Farasi bora kuliko wote aliopata kuwa nao mtu tajiri kuliko wanunuzi wengi wa zama zake alitokana na baba na mama ambao kwa pamoja hawakufikia gini 1,000.

Mwaka uliofuata, 1936, ilikuwa zamu ya ukoo wa Mumtaz Mahal. Binti yake, Mah Mahal, alikuwa amezaa na Blenheim dume dogo la kijivu lililoitwa Mahmoud. Mahmoud alipokuwa na umri wa mwaka mmoja alipelekwa mnadani Deauville, Ufaransa, lakini matajiri waliokuwapo hawakuifikia bei iliyowekwa, akarudishwa nyumbani. Huyo aliyekataliwa na wanunuzi ndiye aliyeshinda Derby kwa muda wa dakika mbili na sekunde 33.8, na rekodi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1995.

Hapo mtu anaweza kusema kwamba basi bei haina maana yoyote, na kwamba minada yote ni mchezo wa bahati. Kusema hivyo ni kukosea. Aliyelipa gini 9,100 alipata mjukuu aliyeshinda Derby. Aliyelipa gini 250 alipata mwana asiyeshindwa. Aliyepata vyote viwili alikuwa mtu yuleyule, kwa sababu ndiye aliyekuwa na subira ya kuwatunza mama hao kwa miaka zaidi ya kumi na kuwatafutia madume yanayowafaa. Bei hununua nafasi ya kujaribu. Matokeo hutegemea utunzaji, ujuzi na majaliwa ya Mwenyezi Mungu.

LAWAMA

Sasa tufike kwenye jambo lililomletea Aga Khan lawama nyingi kuliko yote katika maisha yake ya farasi. Mwaka 1936 alimuuza Blenheim kwa ushirika wa matajiri wa Marekani kwa pauni 45,000. Mwaka 1940, Ufaransa ilipovamiwa na majeshi ya Ujerumani na yeye mwenyewe akawa amekimbilia Uswisi, aliwauza Mahmoud kwa pauni 20,000 na Bahram kwa pauni 40,000, nao wakavuka bahari kwenda Marekani. Washindi watatu wa Derby walikuwa wametoka mikononi mwake. Waingereza wengi walikasirika. Walisema kwamba mtu huyo alikuwa akiuza urithi wa nchi, na kwamba kwake farasi walikuwa bidhaa tu.

Ili kuhukumu kwa haki, yatupasa kuielewa hesabu ya dume la mbegu. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, naye huchukua mimba miezi kumi na moja. Dume katika siku zile liliweza kupandishwa kwa majike 40 hivi kwa mwaka. Tuseme ada ya kila jike ni gini 400. Dume hilo litaingiza gini 16,000 kwa mwaka mmoja, na huenda likafanya kazi kwa miaka kumi na mitano. Ndipo tunapoelewa kwamba pauni 40,000 si bei ya miguu minne na mkia. Ni bei ya mamia ya watoto ambao bado hawajazaliwa, na ya watoto wa watoto hao.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wake wa giza. Dume linaweza kufa wiki ya kwanza, au likawa tasa, au watoto wake wakawa wazito wa miguu. Bahram mwenyewe, aliyekuwa hajui kushindwa, hakutamba Marekani, akauzwa tena kwenda Argentina na kufia huko mwaka 1956. Kwa upande mwingine Blenheim alimzaa Whirlaway, aliyeshinda Taji la Mara Tatu la Marekani mwaka 1941, na Mahmoud akawa baba wa kwanza kwa ushindi nchini humo mwaka 1946. Muuzaji hakuweza kujua nani angefaulu na nani angeshindwa, na mnunuzi vilevile.

Jambo kubwa kuliko hayo lilimhusu Nasrullah. Huyu alizaliwa mwaka 1940 katika shamba la Aga Khan la Sheshoon, Ireland, na mama yake alikuwa Mumtaz Begum, binti mwingine wa Mumtaz Mahal. Nasrullah alikuwa na kasi ya ajabu na kichwa kigumu cha ajabu pia. Siku akiamua kukimbia hakuna aliyemfikia, siku akiamua kugoma hakuna aliyemshawishi. Aga Khan alimuuza mwaka 1944. Baada ya miaka michache Wamarekani walimnunua kwa dola 340,000 hivi, na huko akawa baba wa kwanza kwa ushindi mara tano. Mjukuu wake, Secretariat, alishinda Taji la Mara Tatu la Marekani mwaka 1973, na mbio ya mwisho akaishinda kwa urefu wa farasi 31. Kabla hata ya kushinda taji hilo, hisa zake zilikuwa zimeuzwa kwa zaidi ya dola milioni sita.

Mali iliyotokana na Nasrullah baada ya kuuzwa haina kifani, na aliyemzalisha hakuambulia hata senti moja ya mali hiyo. Hapo ndipo tunapoweza kusema kwamba Aga Khan alikosea. Aliijua damu ya Mumtaz Mahal kuliko mtu yeyote, lakini katika miaka ya vita na wasiwasi hakuingoja mpaka mwisho.

TULYAR NA SERIKALI

Baada ya vita bahati ilimrudia. Mwaka 1948 alishinda Derby kwa farasi My Love, aliyekuwa akimiliki kwa ubia, na mwaka 1952 akashinda kwa mara ya tano kwa farasi Tulyar. Tulyar hakuwa wa kutazamika sana kwa umbo, lakini mwaka huo hakuna aliyemshinda. Mapema mwaka 1953 shamba la taifa la farasi la Ireland lilimnunua kwa pauni 250,000. Bei kama hiyo ilikuwa haijapata kulipwa kwa dume la mbegu.

Mnunuzi safari hii hakuwa mfalme wala mwenye viwanda. Alikuwa taifa changa lenye wakulima wengi na fedha chache. Ireland ilifikiri kwamba farasi ni zao lake kama kahawa au pamba zilivyo mazao ya wengine, na kwamba mkulima mdogo mwenye jike moja anastahili kupata mbegu bora karibu na nyumbani kwake. Na shamba lenyewe la taifa lilikuwa lipi? Lilikuwa Tully, palepale ambapo Aga Khan alikuwa amejifunza somo lake la kwanza karibu nusu karne kabla yake.

Wazo lilikuwa jema, lakini mnyama hakujali wazo. Baada ya miaka michache Tulyar naye aliuzwa Marekani, na hakuacha uzao uliolingana na bei yake. Kosa la namna hiyo halikuishia kwa maskini wala kwa serikali. Mwaka 1983, huko Keeneland, Marekani, Sheikh Mohammed wa Dubai alilipa dola milioni 10.2 kwa farasi wa mwaka mmoja aliyeitwa Snaafi Dancer. Farasi huyo hakukimbia hata mbio moja, na alipopelekwa shambani alionekana kuwa karibu tasa. Hata hivyo sheikh huyo hakuacha kununua, na baadaye akawa miongoni mwa wafugaji wakubwa wa farasi duniani.

MWISHO WA SAFARI

Aga Khan wa Tatu alifariki dunia tarehe 11 Julai 1957 huko Versoix, karibu na Geneva, akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa Aswan, kando ya mto Nile. Miezi michache tu kabla ya kifo chake, jike lake Rose Royale lilikuwa limeshinda One Thousand Guineas, na kwa ushindi huo jumla ya mashindano makuu ya Uingereza aliyoyashinda ilifika 17. Uimamu aliurithisha kwa mjukuu wake, Karim, kijana wa miaka 20. Farasi walisimamiwa kwanza na mwanawe, Aly Khan, na baada ya Aly Khan kufa katika ajali ya gari karibu na Paris mwaka 1960, nao wakawa chini ya Karim, ambaye aliwatunza mpaka alipofariki mwezi Februari 2025.

Wapo waliomlaumu marehemu kwa kushughulika na mbio za farasi hali akiwa kiongozi wa dini, na wapo waliouliza kama fedha zile zisingefaa matumizi mengine. Maswali hayo si ya kudharauliwa, na kila mtu atayajibu kwa dhamiri yake. Lakini haki inatutaka tuseme pia kwamba kazi hiyo aliiendesha kama mkulima anavyoendesha shamba lake, kwa daftari, kwa wataalamu na kwa kungoja.

Tumalizie na yule jike wa kijivu. Mumtaz Mahal alikufa mwaka 1945 katika shamba la Marly-la-Ville, Ufaransa. Binti yake Mah Mahal alimzaa Mah Iran, na Mah Iran akamzaa Star of Iran. Star of Iran alimzaa Petite Etoile, ambaye mwaka 1959 alikuwa jike bora Uingereza. Kutoka kwa Petite Etoile, mama kwa binti, mstari uliendelea katika mashamba yaleyale ya familia ileile mpaka akazaliwa Zarkava. Mwezi Oktoba 2008, mjini Paris, Zarkava alishinda mbio za Prix de l'Arc de Triomphe mbele ya madume na majike ya dunia nzima. Alikimbia mara saba katika maisha yake na akashinda mara saba, kisha akapumzishwa.

Kutoka siku Lambton alipoinua mkono Doncaster hadi siku hiyo ya Paris ilipita miaka 86. Aliyenunua alikuwa amekwisha kuwa kaburini kwa miaka 51, na aliyevuna alikuwa mjukuu. Watu wa mwaka 1922 walioguna kwa mshangao waliposikia gini 9,100 walidhani kwamba wameshuhudia bei ya farasi mmoja. Kumbe walikuwa wameshuhudia bei ya ukoo mzima, na ukilipiga fungu hilo kwa miaka na kwa vizazi, utaona kwamba tajiri yule alinunua kwa bei nafuu.